Dume la Mgunga Mweusi

Alikuwa amefika mguu wa tatu. Jicho la kushoto lilikuwa kwenye hadubini, la kulia kwenye karatasi, na mkono uliozoea kuyahudumia yote mawili ulikuwa ukiweka miiba kwa penseli: jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Buibui alilala chali kwenye kisahani cha kioo, amefunikwa na spiriti, huku chembe za mchanga mweupe zikimshikilia ubavuni asielee. Kwa macho matupu ungesema ni kipande cha gome kilichodondokea mle. Alikuwa bapa, miguu imetandazwa kando kama ya kaa, na mwili mzima haukuzidi ukucha wa kidole gumba.

Huyu alikuwa dume. Jike alichorwa tangu Jumatatu, na karatasi yake, wino umeshakauka, ilikuwa imelazwa kati ya vioo viwili. Dume akimalizika leo, kesho saa sita mchana makala ya Daktari ingepelekwa kwa wachapishaji, na aina mpya ya buibui wa nyikani, anayeishi chini ya magome ya migunga, ingekuwa na jina.

Jina ndilo lililomchoma mchoraji.

Pale kazini walimwita Kibano, kwa sababu ya kile kibano chembamba cha chuma alichokichomeka kwenye nywele asubuhi na kukitoa jioni. Alikuwa mtunza ghala la buibui, na mchoraji pia, na huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa pale. Hakusomea chochote kati ya hivyo. Alianza kwa kuosha chupa, akawa anatazama wengine wanavyofanya, akawa anauliza swali moja kwa siku ili asiwachoshe watu. Swali na jibu aliviandika kwenye daftari, na madaftari hayo sasa yalijaza rafu nzima. Hakuna chupa ghalani ambayo hakuijua kwa mkono. Lakini buibui mpya, asiyejulikana na mtu, hakuwahi kumpata. Migunga ameitikisa, magome ameyabandua mpaka kucha zikavunjika, na kila alichokileta kilikuwa tayari na jina la mtu mwingine.

Kisha akaja wifi yake.

Wifi alikuwa mdogo wa mumewe, wa mwisho kuzaliwa kwao. Miaka miwili iliyopita alikuwa amekaa nyumbani hana kazi, na Kibano mwenyewe ndiye aliyemwombea kwa Daktari. "Ana macho," alisema siku ile, na hakudanganya. Mwaka haukuisha watu wakampa jina la Macho Nane, kama buibui mwenyewe. Na miezi minne iliyopita, huko nyikani, Macho Nane aliegemea mgunga ili atoe kijiwe kiatuni, akaona gome linasogea.

"Lilinikonyeza, wifi," ndivyo alivyosimulia aliporudi. "Nami nikalikonyeza."

Kwa kukonyezana huko, Daktari aliamua kumpa buibui yule jina la ukoo wa Macho Nane. Ulikuwa ukoo wa mume wa Kibano pia, na mume, fundi seremala asiyesoma hata gazeti, alikuwa akiitangaza habari hiyo karakana nzima. Jana jioni mezani aliirudia tena, mdomo umejaa chakula.

"Jina letu litakuwa kwenye vitabu, mke wangu. Letu! Babu angekuwa hai angecheza."

"Ndiyo," alisema Kibano.

"Mbona sauti imekwenda ndani? Si umelichukua na wewe?"

"Nimelichukua kwa ndoa. Dada yako amelichukua kwa kijiwe."

Mume alicheka, wifi akacheka zaidi, na Kibano akainuka kwenda kuongeza maji kwenye jagi ambalo lilikuwa bado limejaa. Hakuwa mtu wa kununa. Lakini ilikuwapo roho ya kwa nini, imekaa kifuani kama mgeni asiyeaga: kwa nini yeye, kwa nini si mimi, kwa nini upesi hivyo.

Sasa mlango wa chumba cha kuchorea ukasukumwa, na mwenye kijiwe akaingia na trei ya chupa tupu.

"Hujamaliza tu? Huyo ni buibui au bibi harusi, unampamba siku tatu?"

"Ana miguu minane. Kila mmoja una mambo yake."

"Mchore vizuri basi. Huyo ni mwanangu."

"Nimeshaona. Miguu amechukua kwako. Myembamba, na haitulii nyumbani."

Macho Nane alicheka mpaka chupa zikagongana. Aliinama kwenye hadubini bila kuomba, akasukuma bega la wifi yake kidogo. "Loo. Kumbe mzuri hivi? Wifi, ukweli, bila mkono wako huyu angekuwa uchafu tu kwenye spiriti."

"Toa kichwa, unaniondolea mwanga."

"Natoa, mama mkali, natoa." Akatoka, akiimba kitu kisichokuwa na maneno.

Sifa ile ilimuuma Kibano kuliko utani. Alingoja mapigo ya moyo yatulie, kwa kuwa moyo ukidunda mkono hutetemeka, kisha akaruka miguu iliyobaki na kwenda mahali penye maana zaidi. Buibui ana vimikono viwili vifupi mbele ya mdomo, vipapasi. Kwa dume aliyekomaa ncha zake huvimba kama glovu za bondia, na umbo la kilichomo ndani ya glovu hiyo ndilo linalotenga aina moja na nyingine. Rangi haisaidii. Spiriti hula rangi. Ukimtia mwekundu na mweusi na wa manjano, baada ya mwezi wote watakuwa kama majani makavu. Aligeuza kipapasi kwa ncha ya sindano, akaongeza ukubwa, akatazama.

Palikuwa na ndoano. Ndoano imejikunja, na ncha yake imegawanyika mara mbili kama ulimi wa nyoka.

Aliweka penseli chini.

Ile ndoano aliijua. Haikuwa kukumbuka, ni mkono uliojua, kama unavyojua kitasa cha mlango wa nyumbani. Alikwenda kwenye kabati la droo, akavuta ya mwaka wa tano wa kazi yake, akapekua karatasi moja moja bila haraka mpaka akaikuta. Ilikuwa ndoano ileile, imechorwa kwa mkono wake mwenyewe ulipokuwa bado haujakomaa. Chini ameandika: dume, mgunga wa manjano, bondeni.

Yule hakuwa mpya hata kidogo. Alikuwa buibui wa siku zote wa migunga ya manjano, ile inayoota karibu na maji. Vitabuni dume wake ameelezwa kwa mistari miwili tu, bila picha, maana mzee aliyekuwapo kabla ya Daktari alistaafu kabla hajachapisha. Chupa ya dume yule ilikuja kukauka, kizibo kilipopasuka. Kwa hiyo duniani palikuwa na mtu mmoja tu wa kumtambua, na mtu huyo alikuwa amesimama mbele ya droo, amekunja kipaji cha uso.

Jike alikuwa mpya kweli. Juu ya hilo hakuwa na shaka. Ila dume aliyepewa hakuwa wake. Kesho makala ingewaoza watu wasiojuana.

Kibano alirudi kitini. Jambo la kwanza alilolisikia, kabla ya mengine yote, ni utamu. Alijua haukuwa utamu mzuri na akauacha ukae. Kazi yake ni kuchora anachokiona. Akichora, akanyamaza, nani atamlaumu? Makala itatoka. Mwaka utapita, au mitatu, na msomi fulani wa mbali ataandika kwa adabu kwamba buibui aliyepewa jina la ukoo wa fulani ni nusu hewa. Watu watacheka kidogo, kama wasomi wanavyocheka, puani. Na Macho Nane atakuwa mtu aliyekonyezwa na gome akaoana na kivuli.

Alilitafuna wazo hilo kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyopaswa.

Kisha mazoea yakamwinua. Kabla ya kuamini kosa, tafuta njia lililopitia. Hiyo ilikuwa kanuni yake hata kwenye mambo ya jikoni. Alikwenda ghalani, rafu ya safari za mwaka huu. Walikuwa na utaratibu mmoja usiovunjwa: mti mmoja, chupa moja. Chochote kinachoangukia shuka jeupe kutoka mti ule, au kinachotoka chini ya gome lake, kinaingia chupa moja na lebo moja yenye namba ya mti. Kutenganisha ni kazi ya mezani, ambako kila buibui hupata kichupa chake na lebo mpya. Lebo ya zamani haitupwi. Hubaki kwenye chupa ya mwanzo.

Kichupa cha dume kilisema: mti wa 7, mgunga mweusi, mlimani. Mwandiko wa wifi. Kibano akaichukua chupa ya mwanzo, akaifungua, akachomoa kibano nywelini na kuitoa lebo ya zamani. Aliiweka kwenye kiganja, ikiwa imelowa.

Miti ya 7 na 8.

Akaigeuza. Nyuma, kwa penseli iliyobonyezwa sana, palikuwa na maneno mawili: chupa zimeisha.

Damu ilimpanda Kibano usoni, pale peke yake kati ya rafu.

Safari ile Daktari alimwambia, "Mara hii nitamchukua Macho Nane, wewe pumzisha goti lako." Na aliyefungasha sanduku la safari, kama kawaida, alikuwa yeye. Chupa kumi na mbili, siku zote kumi na mbili. Siku ile alikuwa ameweka saba. Alijiambia kuwa vifuniko vya zile tano havijakauka. Vilikuwa vimekauka. Alivishika kimoja kimoja, akavirudisha kabatini, akafunga sanduku.

Alirudisha lebo kwenye spiriti, na ile karatasi ya mchoro wa zamani mkononi akaenda moja kwa moja kwa Daktari.

Daktari alikuwa mwanamke mrefu wa miwani miwili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, na mara nyingi alikuwa akiitafuta ya tatu. Alikuwa anasoma makala kwa sauti ndogo, akikata maneno.

"Kibano! Umemaliza? Sema umemaliza."

"Bado."

"Kuna tatizo?"

Sentensi ilikuwa tayari mdomoni: dume si wake, aliyekosea ni wifi yangu. Ni kweli tupu. Lakini Daktari angesema, lete chupa. Na chupa ingeletwa. Na lebo ingegeuzwa. Kisha angeuliza kilichomaliza chupa.

"Spiriti imepungua mezani kwangu," alisema Kibano.

"Si ipo stoo?"

"Ipo. Nitachukua."

Akatoka. Koridoni alisimama kando ya ndoo ya mopu, akajiona jinsi alivyo, mtu mzima mwenye mvi mbili, anamwonea gere msichana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika kibano. Haikumsaidia. Gere haliondoki kwa kuonwa.

Macho Nane alikuwa kwenye karo, anaosha zile chupa, mikono imejaa povu mpaka kwenye viwiko.

"Funga bomba," alisema Kibano.

"Nani kafa?"

"Funga kwanza."

Bomba likafungwa. Kibano akaiweka karatasi ya zamani pale pakavu, kando ya vizibo. "Huyu nilimchora nikiwa na miaka mitano kazini. Yule dume wako ni huyu. Wa mgunga wa manjano. Si wa jike yule."

Macho Nane alitazama karatasi, akatazama uso wa wifi yake, akatazama karatasi tena. Alipozungumza, utani ulikuwa umeisha sautini.

"Unaniambia leo. Makala inaondoka kesho, unaniambia leo."

"Nimeona leo."

"Wivu huo, wifi. Tangu nirudi safari unanitazama kama mtu aliyekuibia kanga kwenye kamba. Sasa umepata la kunishika."

"Wivu ninao," alisema Kibano. "Siukatai. Ninao tangu asubuhi ile ya safari, na hata sasa ninao. Lakini hata ukiutoa wivu wangu wote, dume atabaki si wake."

Maji yalidondoka bombani, tone, tone. Macho Nane akapangusa mikono kwenye koti, taratibu, kidole kwa kidole.

"Nimeona lebo," Kibano akaendelea. "Saba na nane. Kwenye kichupa ukaandika saba peke yake."

"Nilidhani wote ni wa saba. Wanafanana! Wameshapauka wote, nani angejua?"

"Hukudhani. Ulikisia. Ungeandika saba na nane tungejua wa kuuliza."

"Na nani aliyenifikisha hapo pa kuchanganya?"

Kibano alifungua mdomo. Ilikuwa rahisi zaidi kichwani.

"Niliweka chupa saba," alisema. "Kusudi."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilizihesabu garini. Nikasema wifi kasahau. Halafu nikasema, wifi huyu? Anayesahau birika motoni nalo haliungui, maana alishazima kabla hajasahau?" Karibu acheke, akaghairi. "Ningemwambia nini Daktari? Kwamba wifi yangu, aliyeniombea kazi, ananinyima chupa? Nikanyamaza. Mti wa nane, mgunga wa manjano kule bondeni, ulikuwa wa mwisho, jua limekaza, nikasema hawa wachache watoshee humu. Na lebo mpya nikaiandika hivyo ili mtu asiulize chupa zilikokwenda."

"Ulikuwa unanificha mimi?"

"Nilikuwa najificha mwenyewe. Wewe ulipita humohumo."

 Nje mtu alikuwa anaburuta kiti sakafuni, kwa muda mrefu, kama anakipeleka nchi nyingine.

"Tukinyamaza?" aliuliza Macho Nane, kwa sauti ndogo.

"Nilishafikiria. Nililifikiria vizuri sana."

"Na?"

"Utakuwa na jina lenye kosa langu ndani yake. Sitaki uwe na kitu changu humo. Hata kosa."

Macho Nane alimtazama. "Wewe wifi," alisema hatimaye, "hata wema wako una miiba."

Walikwenda kwa Daktari pamoja. Kibano alieleza la chupa, yeye kwanza, kwa sentensi mbili. Macho Nane akaeleza la lebo. Daktari aliilinganisha karatasi ya zamani na kisahani kwa robo saa, akivua miwani hii na kuvaa ile. Alipoinuka hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sijawahi kukagua sanduku ulilofungasha," alimwambia Kibano. "Sasa nitakagua." Akamgeukia mwingine. "Na wewe, lebo ni kiapo. Ukikisia, andika kwamba umekisia." Alichukua makala, akaitia kwenye droo, akaisukuma mpaka mwisho. "Kesho haiendi. Kuna chupa za mabaki za safari ile, hazijachambuliwa. Huenda dume halisi yumo. Asipokuwamo tutarudi kule kumtafuta, wote watatu. Jina litabaki lilelile."

Litabaki lilelile. Kibano alilisikia likipita kifuani na kupata mahali pake palepale pa zamani. Alitikisa kichwa kukubali.

Mabaki ni vile vinavyoachwa baada ya wazuri kuondolewa: miguu iliyokatika, vipande vya gome, utitiri, watoto wa buibui wasio na umbo. Waliyamimina kwenye sahani kumi na moja za kioo, wakazipanga juu ya meza ndefu, wakakaa ubavu kwa ubavu, kila mmoja na hadubini yake. 

"Huyu?"

"Mtoto. Bado hajakomaa."

"Ana vipapasi vimevimba."

"Vimevimba, havijapasuka. Angebaki hai wiki mbili zaidi angetuambia."

Macho Nane alikuwa wa haraka. Jicho lake lilipita juu ya uchafu ule kama mtu anayepita sokoni akijua anachokuja kununua, na Kibano, aliyekuwa akichambua pembe kwa pembe bila kuruka, alijikuta mara tatu akiitazama sahani ya mwenzake kuliko yake. Mara ya tatu wifi akamfuma.

"Unachungulia."

"Napumzisha shingo."

"Shingo inapumzikia kwangu?"

Kibano alirudi kwenye pembe yake. Akiwa pale kwenye sahani ya tatu, mbele ya mguu mmoja bapa usio na mwenyewe, wenye miiba sawasawa na ya jike, moyo wake ulifanya paa. Mwenye mguu alikuwamo mahali fulani. Aliutenga mguu kwenye kichupa, akaandika lebo, akamwonyesha Macho Nane bila kuambiwa. Wakautazama kwa zamu, mara mbili kila mmoja.

"Yumo," alisema Macho Nane.

"Mguu wake umo. Usiandike yumo."

Saa kumi na moja mlinzi alipita akigonga milango ya ghala, kuashiria kufunga. Zilibaki sahani nane na nusu. Kibano aliongeza spiriti kila sahani ili zisikauke mpaka asubuhi, akazifunika vioo, moja moja. Macho Nane alivua koti, akalitundika, lakini hakutoka.

"Kesho akipatikana kwenye sahani yako," alisema, "utafanyaje?"

"Nitamwandikia lebo."

"Nimekuuliza wewe, sikuuliza lebo."

 Kibano alikata kipande cha karatasi, akaandika kwa penseli maneno "hadi hapa", akakiweka juu ya kioo cha sahani ya tatu, katikati, penye mpaka wa alichokwisha kukiona na alichokuwa hajakiona. Kisha akazivuta zile nane akazigawa, nne upande huu, nne upande ule, na kabla ya kuzima taa alizihesabu tena kuhakikisha ni sawa.